Likembe yapewa tena sauti zake na kompyuta

Piano ya umeme inayouzwa leo Bukavu, Goma au Bunia inatoka kiwandani ikiwa imekwisha kupangwa. Kati ya sauti ya «do» na «do» inayofuata kuna hatua 12, zote sawa. Mpiga likembe hapangi chombo chake hivyo. Anasukuma kila ulimi wa chuma mbele au nyuma, kidogo kidogo, mpaka sikio lake likubali. Vyombo hivyo viwili vikipigwa pamoja, baadhi ya sauti za likembe zinaangukia katikati ya vibonye viwili vya piano. Mara nyingi ni likembe inayolaumiwa kwamba imekosea.

Mwaka wa 1885, Mwingereza Alexander Ellis alipendekeza kipimo kinachoitwa «senti»: kutoka «do» hadi «do» ni senti 1,200, na kila hatua ya piano ni senti 100. Alipopima vyombo vya mataifa mbalimbali, aliona kwamba ngazi ya muziki si moja duniani. Kila watu wana yao.

Leo wanaoitafuta tofauti hiyo ni watunzi wa muziki wa utulivu, ule ambao Mwingereza Brian Eno aliupa jina la «ambienti» mwaka wa 1978. Katika muziki huo sauti moja inaweza kushikwa kwa muda mrefu, mara nyingi bila ngoma. Kwa hiyo sikio linapata nafasi ya kusikia mambo madogo. Sauti mbili zinazokaribiana, moja ya mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine ya 442, zikilia pamoja zinapanda na kushuka mara mbili kila sekunde, kama pumzi. Piano ya kawaida inapangwa ili kuepuka jambo hilo. Mtunzi wa ambienti analijenga kwa makusudi.

Vifaa vya kufanya hivyo vipo, tena bila malipo. Mwaka wa 2021, mwanamuziki Khyam Allami, mwenye asili ya Iraki, alitoa programu mbili zinazofanya kazi kwenye intaneti. Katika Leimma, mtumiaji anaandika ngazi yake mwenyewe. Apotome inachukua ngazi hiyo na kutunga muziki. Allami amekuwa akikumbusha kwamba programu nyingi za muziki zinamlazimisha kila mtu kuanza na hatua 12 za Ulaya.

Kwa Wakongomani, jambo hili linagusa urithi. Jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji, linahifadhi maelfu ya rekodi za Afrika ya Kati, za kwanza zikiwa za mwanzo wa karne ya 20. Watafiti wa Ghent, Joren Six na Olmo Cornelis, walitengeneza programu inayoitwa Tarsos. Inasikiliza rekodi, inapima kila sauti kwa senti, kisha inaweza kupeleka ngazi hiyo kwenye kinanda cha kompyuta. Cornelis mwenyewe ni mtunzi, na ngazi za Afrika zimeingia katika kazi zake.

Lakini utafiti uliofanywa juu ya rekodi hizo ulionyesha pia kwamba zile za karibuni zinaelekea zaidi kwenye hatua za Ulaya kuliko za zamani. Mpangilio wa mzee ambaye hakuwahi kurekodiwa unaondoka pamoja naye, kwa sababu aliuweka sikioni tu. Wajukuu wanarithi likembe, ila ndimi zake zikisogea hakuna anayejua zirudishwe wapi.

Kuuhifadhi hakuhitaji studio. Simu inatosha: mahali pa kimya, mzee apige ulimi mmoja baada ya mwingine, kila sauti iachwe mpaka izime. Kutokana na rekodi hiyo fupi, kompyuta inaweza kusoma senti, na kijana wa Bukavu akatunga kwa ngazi ya babu yake.