"Maria": Wimbo Uliowarudisha Blondie Kileleni

"Maria" ni wimbo wa roki wa bendi ya Blondie kutoka New York, Marekani. Ulitolewa kama singo mapema mwaka 1999, wakati bendi hiyo ilikuwa imekaa miaka 17 bila albamu mpya. Mwezi Februari mwaka huo ukashika nafasi ya 1 kwenye chati ya singo ya Uingereza, miaka 20 baada ya Blondie kufika hapo kwa mara ya kwanza. Bendi nyingi kongwe hurudi jukwaani, lakini ni chache sana zinazorudi na wimbo mpya unaopendwa kama nyimbo zao za ujanani.

Blondie ilianzishwa mwaka 1974 na mwimbaji Debbie Harry pamoja na mpiga gitaa Chris Stein. Baadaye walijiunga nao Clem Burke kwenye ngoma na Jimmy Destri kwenye kinanda. Walikulia kwenye klabu ya CBGB, ukumbi mdogo wa mtaa wa Bowery ambao ndio ulilea muziki wa panki wa jiji hilo. Mafanikio makubwa yalikuja na albamu ya "Parallel Lines" ya mwaka 1978, ambayo ndani yake mna "Heart of Glass". Wimbo huo uliochanganya roki na disko uliongoza chati za Uingereza na Marekani mwaka 1979. Kati ya hapo na 1981 walitoa kibao baada ya kibao: "Call Me", "The Tide Is High" ambao asili yake ni Jamaika, na "Rapture", wimbo wa kwanza wenye rapu kushika nafasi ya 1 kwenye chati kuu ya Marekani.

Kuanguka kwao kulikuja haraka. Albamu ya "The Hunter" ya mwaka 1982 haikuuzwa vizuri, na ziara iliyofuata ikakatishwa. Ndani ya bendi kulikuwa na migogoro na matatizo ya fedha. Juu ya hayo, Stein alishikwa na pemfigasi, ugonjwa adimu unaosababisha malengelenge makubwa kwenye ngozi, na Harry akawa anamuuguza. Bendi ikavunjika. Harry aliendelea kuimba peke yake, naye Burke akapiga ngoma na wanamuziki wengine, wakiwamo Eurythmics.

Mwaka 1996 Stein, aliyekwisha kupona, aliwaita wenzake. Harry, Burke na Destri wakaitika, bendi ikaanza tena kufanya maonyesho, kisha ikaingia studio kurekodi albamu ya "No Exit". Mtayarishaji alikuwa Craig Leon, mtu aliyewafahamu tangu miaka yao ya mwanzo. Kazi ilitakiwa kutangulizwa na singo, yaani wimbo mmoja unaotolewa peke yake ili usikike redioni na kuwavuta wasikilizaji kwenye albamu nzima. Uliochaguliwa ni "Maria".

Mtunzi wake ni Destri. Alichota maudhui kwenye kumbukumbu za ujana katika shule ya Kikatoliki: kijana anamtazama kwa mbali msichana mrembo asiyefikika, na hamu yake inakaribia kuwa ibada. Jina lenyewe, ambalo ni la Mama wa Yesu, linabeba maana zote mbili, mapenzi na utakatifu, na muziki unaliunga mkono kwa mlio wa kengele kama za kanisani. Gitaa na ngoma za Burke zinakwenda mbio. Harry anaanza beti kwa sauti ya chini na tulivu, kisha kwenye kiitikio anapandisha sauti na kulivuta jina la Maria kwa nguvu. Ndipo uzuri wa wimbo ulipo. Alikuwa na umri wa miaka 53, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko zamani, lakini uzito huo uliipa hamu ya kijana huyo ukomavu ambao mwimbaji mchanga asingeweza kuutoa.

Nchini Uingereza, chati ya wakati huo ilihesabu nakala zilizouzwa madukani. Kwa hiyo nafasi ya 1 ilimaanisha kwamba watu walitoa fedha zao mfukoni kuununua wimbo huo. "Maria" ulikaa kileleni kwa wiki moja, ukawa wimbo wa 6 wa Blondie kufika hapo na wa kwanza tangu "The Tide Is High" mwaka 1980. Kwa namna hiyo bendi ikawa imeongoza chati hiyo katika miaka ya sabini, themanini na tisini. Nyumbani kwao mambo yalikuwa tofauti: kwenye chati kuu ya Marekani wimbo uliishia nafasi ya 82.

Siri ya mafanikio ya "Maria" iko katika kipimo. Mtu aliyeipenda Blondie mwaka 1979 aliitambua mara moja: kiitikio kinachonasa, ngoma za kasi, sauti ya Harry. Hata hivyo, hakuna wimbo wa zamani uliorudiwa humo, wala bendi haikujitia kuwa ya vijana wa mwaka 1999. Msikilizaji ambaye hakuwahi kuisikia Blondie angeweza kuupenda bila kuhitaji historia yoyote. Ya kale ni dhahabu, lakini bendi inayotegemea ya kale peke yake huishia kuwa kumbukumbu.

Baada ya hapo Blondie haikufika tena kileleni kwa singo, lakini haikurudi usingizini. Iliendelea kutoa albamu na kuzunguka duniani, na mwaka 2006 ikaingizwa katika Jumba la Heshima la Roki nchini Marekani. Destri alikuwa ameondoka mwaka 2004, na Burke alifariki Aprili 2025 kwa saratani. "Maria" unabaki kuwa wimbo wa mwisho wa Blondie kushika nafasi ya 1 nchini Uingereza, na ushahidi kwamba miaka 17 ya kimya haikuwa imewamaliza.