Trakteri gani yafaa kwa mashamba ya pori?

Ninyi watu wa vijiji vya kando ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, munajua namna miji ya migodi inavyotafuta chakula. Unga mwingi unaoliwa kule unatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Kwa sababu hiyo watu wa kijiji wanaweza kukusanya feza na kununua trakteri moja ya wote. Ni shauri zuri. Lakini trakteri ikichaguliwa vibaya, feza ya watu wote italala chini ya muti na kuota kutu.

Tazama kwanza shamba lako, kisha utazame mashini. Shamba la pori si uwanja wa mupira. Kuna visiki, kuna mizizi, kuna vichuguu vikubwa vinavyoweza kupita mita 5 kwa urefu. Trakteri ndogo ya nguvu ya farasi 25 itakata majani, lakini kwa kulima penye mizizi itashindwa. Ile kubwa ya farasi 120 inakula mazuti mengi, inageuka kwa shida kati ya vichuguu, na bei yake itawafunga kwa deni. Kwa kijiji yafaa ya katikati, farasi 55 mpaka 75.

Trakteri ya namna hii inavuta jembe la sahani 3. Musichukue jembe lenye ulimi wa chuma kwa shamba jipya. Sahani inazunguka, ikikuta muzizi inapanda juu yake na kushuka tena. Ulimi unanasa, kisha unavunjika. Kulima hektari moja kwa sahani 3 kunaomba karibu saa 4, na mazuti lita 20 mpaka 30. Fanyeni hesabu hiyo mbele ya kununua, maana muuzaji hataifanya kwa ajili yenu. Mahindi yanataka kupandwa toka katikati ya mwezi wa 11 mpaka katikati ya mwezi wa 12. Mutu anayengoja zamu yake mpaka mwezi wa kwanza atavuna kidogo.

Kwa kukata pori kuna mashini ya visu vinavyozunguka, inayofungwa nyuma. Inapata nguvu kwa muti wa chuma unaozunguka mara 540 kwa dakika moja. Upana wa mita 1.5 unatosha. Miti inayopita unene wa sentimita 5, ikateni kwa shoka. Tena kateni chini kabisa na sawasawa, si kwa mushazari: kisiki chenye ncha kinatoboa mupira kama mukuki, na mupira wa nyuma ni wa bei kali. Watu wote wakae mbali, mita 100, kwa maana visu vinatupa mawe.

Kwa muti ule wa chuma kuna buloni moja laini. Visu vikigonga kisiki, buloni hiyo inakatika, na mashini inapona. Fundi mujinga anaweka buloni ngumu ili isikatike tena. Basi kesho yake meno ya ndani yanavunjika, na matengenezo yanakula feza ya mavuno. Nunueni buloni laini 20 siku ileile.

Musikubali trakteri isiyo na upinde wa chuma wa kumulinda shofele na mushipi wa kumufunga kitini. Sheria ya Uswidi inautaka upinde huo kwa trakteri mpya tangu mwaka 1959, na vifo vilipungua sana. Kungoa kisiki ndiko kunakoua. Munyororo ukifungwa juu, trakteri inainuka mbele na kupinduka nyuma mbele ya shofele kukanyaga breki. Ufungwe chini tu, penye chuma cha kuvutia.

Magurudumu 4 yenye kuvuta yanafaa kwa matope na kwa visiki, lakini yanazidisha bei na vyuma vya kutengeneza. Kama shamba ni kavu na tambarare, 2 yatosha. Chini ya mashini kuwe na bamba la kulinda tumbo la mafuta. Mikono 3 ya nyuma inafanana kwa mashini za mafundi mbalimbali. Pima tu pini za mikono ya chini. Za trakteri ndogo zina milimita 22, za hii ya katikati 28. Mukikosea, jembe halifungiki vizuri.

Kama ni ya zamani, ije ikiwa baridi. Muuzaji aliyeipasha moto mbele ya ninyi kufika anaficha kitu. Iwake mbele yenu, kisha chomoa kijiti cha mafuta: mafuta meupe kama maziwa maana yake maji yameingia. Mwisho uliza chujio za mazuti na za mafuta zinauzwa duka gani la Lubumbashi, na mutume mutu akazinunue mbele ya kulipa trakteri. Akirudi mikono mitupu, tafuteni ya namna nyingine.