Kamera za Porini na Amana ya Wanyama

Sisi tukaao Bariadi tu majirani wa wanyama. Mashariki ya mkoa wetu wa Simiyu liko Pori la Akiba la Maswa, na lipakanapo ndipo ilipo Hifadhi ya Serengeti. Je, viumbe wa huko huhesabiwaje?

Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walianza kufunga kamera Serengeti. Zilifika 225, katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hufungwa mtini; apitapo mnyama, joto na mwendo wake huiamsha, nayo hupiga picha yenyewe, usiku na mchana. Hafukuzwi mnyama wala hachomwi sindano. Chui hutambuliwa kwa madoa yake, asije akahesabiwa mara mbili. Watu zaidi ya 28,000 wa nchi mbalimbali walijitolea kuzitambua picha hizo kwa njia ya intaneti.

Suratul An'am yatufundisha kwamba wanyama ni umma kama sisi. Basi kujua kama wanazidi au wanapungua ni sehemu ya kutunza amana.

Nanyi vijana, mkiitwa usiku kwenda kutega nyaya, kumbukeni kuwa Suratul Maida imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kunyongwa. Nyama ya kitanzi si riziki ya kuwalisha wazazi wenu. Kamera huona kipitacho mbele yake tu. Mwenyezi Mungu hafichwi na kichaka wala giza.

Mola atuongoze. Amin.