Ukanda wa kuzuia moshi

Ukanda wa kuzuia moshi ni utepe wa raba, silikoni au nywele za brashi unaowekwa kwenye ukingo wa mlango wa kuzuia moto, au kwenye fremu yake, ili kuziba upenyo ulioko kati ya mlango na fremu. Upenyo huo, kwa kawaida milimita 2 hadi 4, hauepukiki, maana mlango uliobana kabisa haufungiki. Lakini moshi hupita humo kwa urahisi, na katika moto wa majengo wengi hufa kwa moshi na gesi ya kaboni monoksidi kuliko kwa kuungua. Katika hoteli ya MGM Grand mjini Las Vegas, Marekani, tarehe 21 Novemba 1980, walikufa watu 85. Moto ulikuwa chini, lakini wengi wa waliokufa walikuwa ghorofa za juu, walikofikiwa na moshi.

Tofauti na ukanda unaovimba

Kanda hizi mbili huchanganywa mara nyingi, hata na mafundi. Ukanda unaovimba, ambao mara nyingi huwa na grafiti, hupanuka joto linapokaribia nyuzi 200 za Selsiasi na kuziba upenyo dhidi ya moto. Kabla ya hapo haufanyi kitu, na moshi wa dakika za kwanza, ambao bado haujawa na joto kali, hupita wakati watu wangali wamelala. Kwa hiyo mlango unahitaji vyote viwili. Zipo kanda zilizounganisha kazi hizo pamoja. Nchini Uingereza herufi S katika alama FD30S huonyesha kwamba mlango unaozuia moto kwa dakika 30 unazuia pia moshi.

Kipimo cha Ulaya, EN 1634-3, hupima hewa inayovuja mlangoni. Kwa daraja la Sa, linalopimwa katika joto la kawaida, uvujaji usizidi mita za ujazo 3 kwa saa kwa kila mita ya upenyo, kwa shinikizo la paskali 25.

Uimara

Ukanda mpya karibu wote huziba vizuri. Swali ni utakuwaje baada ya mlango kufunguliwa mara mia kadhaa kwa siku, kama ilivyo hospitalini au bwenini. Brashi huvumilia msuguano na upenyo usio sawa, ila hewa hupenya kati ya nywele. Zilizo na utando katikati huziba zaidi. Raba ya bei nafuu hukauka, hupasuka au hubaki imebonyea. Silikoni hudumu na unyumbufu wake kwa muda mrefu zaidi. Ukanda uliobandikwa kwa gundi tu huanza kubanduka pembeni, hivyo ni bora uliopachikwa katika mfereji uliochongwa. Adui mkubwa kuliko wote ni brashi ya mpaka rangi: rangi ikishakauka juu ya ukanda, ukanda huo ni mapambo tu.

Ukanda mnene kupita kiasi nao ni hatari, kwa sababu huzuia mlango kujifunga. Katika jengo la Grenfell Tower, London, ambako moto wa mwaka 2017 uliua watu 72, uchunguzi ulibaini kwamba baadhi ya milango haikuzuia moshi kwa kuwa haikuwa na vifaa vya kujifunga vinavyofanya kazi. Katika miji ya pwani yenye unyevu, mlango wa mbao unaweza kuvimba, hivyo hufaa kujaribu ukanda majira ya mvua pia.

Ukaguzi

Karatasi hubanwa kati ya mlango uliofungwa na fremu, kisha huvutwa. Ikitoka bila ukinzani, ukanda haugusi mahali hapo. Sehemu za bawaba na kitasa hukaguliwa zaidi, maana ndipo ukanda hukatizwa. Ukanda uliochakaa hubadilishwa kwa aina ileile iliyopimwa pamoja na mlango huo.