Itasca: Msitu Unaolea Mto

Hata mbuyu ulianza kama mchicha. Ndivyo ulivyo mto Mississippi kule Marekani. Huko chini, karibu na New Orleans, ni mto mpana unaopitisha meli za baharini. Lakini pale unapozaliwa, watu huuvuka kwa kukanyaga mawe, jiwe hadi jiwe, na mtu mzima akitumbukia maji humfika magotini tu!

Mahali penyewe panaitwa Itasca, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa nchi hiyo. Ni hifadhi yenye msitu, maziwa na njia za miguu. Katika makala haya, mpenzi msomaji, tutaitembelea, na pia tutaona kwa nini msitu huo bado upo, kwa maana nusura usiwepo.

Kwanza tuelewane. Marekani ina hifadhi za taifa, ambazo hutunzwa na serikali kuu, na hifadhi za majimbo, ambazo kila jimbo hujitunzia lenyewe. Ni kama hapa kwetu: Tsavo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), lakini Maasai Mara iko mikononi mwa Kaunti ya Narok. Itasca ni ya jimbo. Ilianzishwa mwaka wa 1891, nayo ndiyo kongwe kuliko zote za Minnesota. Ukubwa wake ni kama hekta 13,000, na ndani yake mna maziwa zaidi ya 100. Si mchezo!

Jina lenyewe lina kisa ambacho sisi wapenzi wa lugha tutakifurahia. Waojibwe, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa na jina lao la ziwa: Omashkoozo-zaaga'igan, yaani ziwa la mnyama mmoja mkubwa wa jamii ya kulungu. Mwaka wa 1832 Mzungu mmoja, Henry Schoolcraft, alifikishwa hapo na kiongozi wa Waojibwe aitwaye Ozaawindib. Schoolcraft akachukua maneno mawili ya Kilatini, veritas (kweli) na caput (kichwa), akakata "ver" mwanzoni na "put" mwishoni, akabaki na Itasca. Basi vitabu vikaandika kwamba yeye ndiye aliyevumbua chanzo cha mto, ilhali aliyemwonyesha njia alikuwa akipajua tangu zamani!

Sasa tuje kwenye msitu. Miti inayosifika hapo ni misonobari mirefu yenye magome mekundu. Mingine ina umri wa zaidi ya miaka 200. Mwishoni mwa karne ya 19, makampuni ya mbao yalikuwa yakiifyeka misonobari ya Minnesota kama mtu avunaye mahindi. Ndipo Jacob Brower, aliyekuwa amelipima eneo hilo, akapigania litengwe. Mswada ulipita katika bunge la jimbo kwa kura moja tu.

Hata hivyo, sheria ya karatasi haiwezi kuzuia shoka. Sehemu kubwa ya ardhi ndani ya mipaka bado ilikuwa mali ya makampuni, nayo yaliendelea kukata. Magogo yalisafirishwa kwa maji, kwa hiyo kampuni moja ilijenga bwawa. Maji yakafurika hadi ufuoni mwa ziwa, na miti iliyosimama ndani ya maji ikaanza kufa.

Mwaka wa 1903 msimamizi wa hifadhi alifariki. Nafasi yake ikachukuliwa na binti yake, Mary Gibbs, msichana wa miaka 24. Aliwaamuru wenye bwawa wafungue milango ya maji. Wakamtisha kwa bunduki. Yeye hakurudi nyuma! Kampuni ikakimbilia mahakamani, na mwaka huo huo Mary akaiacha kazi hiyo. Ukataji uliendelea hadi karibu 1920. Lakini wananchi walikuwa wamezinduka, jimbo likazidi kununua ardhi, na baadhi ya misonobari ile ikanusurika.

Je, mgeni anayefika leo hufanya nini? Kutoka mji wa Minneapolis ni safari ya saa nne hivi kwa gari. Langoni gari hulipiwa kibali. Wengi huenda moja kwa moja kwenye chanzo cha mto, ambapo pana gogo lililosimikwa wima na kuandikwa kwamba kutoka hapo mto hutiririka maili 2,552, yaani kama kilomita 4,100, hadi baharini. Wakishavuka mawe, hushika njia za miguu kati ya misonobari na maziwa. Kuna pia mnara wa chuma wa kulindia moto, wenye urefu wa mita 30 hivi. Ukiupanda utaona msitu na maziwa hadi macho yachoke. Wakati wa joto ni Juni hadi Agosti, lakini mbu na kupe nao huwa kazini, kwa hiyo vaa suruali ndefu. Wakati wa baridi maziwa huganda, na watu huteleza juu ya theluji.

Usidhani kwamba kazi ya kulinda msitu imekwisha. Msonobari mchanga huhitaji jua na udongo ulio wazi, na zamani mioto ya msituni ndiyo iliyoufungulia nafasi. Watu walipoizuia mioto yote, vichaka vikajaa. Miche michache iliyoota ikaliwa na kulungu. Kumbe msitu unaweza kuzeeka bila kupata watoto! Siku hizi wahifadhi huwasha moto kwa mpango maalumu, na huvisha miche vikofia vya karatasi kileleni ili kulungu wasiitafune.

Habari hizi zinatugusa hata sisi. Karura, jijini Nairobi, ina miti, njia za miguu na kiziwa chake. Mnamo Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa huko walipokwenda kupanda mti, kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu. Leo familia hutembea humo kwa raha zao. Minnesota na Nairobi ziko mbali, lakini somo ni moja: tangazo la serikali huweka mpaka, ila anayeulinda mpaka ni mtu.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi, utembeleapo msitu wowote fuata njia iliyowekwa, usivunje tawi, takataka zako rudi nazo. Na ukiona mpaka unasogezwa, usinyamaze.