Panga Boi au Bawa? Maelezo Kuhusu Istilahi za Helikopta

Jina helikopta limekwisha kukubalika katika Kiswahili, wala hatuna haja ya kuligusa. Taabu imo katika kile kizungukacho juu yake. Baadhi ya wafasiri hukiita panga boi, wengine rafadha. Majina yote mawili yanapotosha.

Mwaka 1861 Mfaransa Gustave de Ponton d'Amécourt aliunda jina la chombo hiki kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya mzunguko kama wa parafujo, jingine lenye maana ya bawa. (Kwa hiyo jina hukatwa baada ya "heliko", si baada ya "heli" kama wengi wadhanivyo.) Nalo lasema kweli. Eropleni hulazimika kukimbia ili hewa iyapitie mabawa yake na kuyainua. Helikopta yaweza kutulia mahali pamoja, kwani mabawa yenyewe ndiyo yakimbiayo.

Hata hivyo, chombo kisongapo mbele, bawa liendalo mbele hupata upepo mwingi kuliko lile lirudilo nyuma, na chombo hutaka kupinduka. Mhispania Juan de la Cierva alilitatua jambo hilo mwaka 1923, katika chombo ambacho mabawa yake yalizungushwa na upepo tu, kwa kulifunga kila bawa kwa bawaba ili lipande na kushuka.

Aidha, injini izungushapo mabawa upande huu, kiwiliwili cha helikopta hutaka kuzunguka upande ule. Igor Sikorsky, mzaliwa wa Kiev aliyehamia Marekani, alikizuia kwa rafadha ndogo ya mkiani. Hapo neno rafadha ni halali, maana kazi yake ni kusukuma. Chombo chake, VS-300, kiliinuka kikiwa kimefungwa tarehe 14 Septemba 1939, kikaruka huru tarehe 13 Mei 1940.

Injini ikizimika angani, rubani hupunguza mwinamo wa mabawa. Hewa itokayo chini huendelea kuyazungusha, naye huweza kutua salama. Mwalimu aliyekwisha kuwaambia wanafunzi kwamba lile ni panga boi atawaelezaje jambo hili, hali panga boi likikatiwa umeme husimama? Sisi tunapendekeza bawa-zunguko, wingi wake mabawa-zunguko. Mwenye neno bora zaidi na atuletee kabla kamusi haijapelekwa mtamboni.