Linafoot: Ligi ya taifa ambayo Masisi huifuata kwa redio

Kijana wa Karuba anayeota kucheza Ligi Kuu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hukutana na barabara kabla hajakutana na beki yeyote.

Karuba iko katika milima ya wilaya ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini. Ili kufika Goma, mji mkuu wa jimbo, msafiri hushuka hadi Sake, kisha hufuata barabara ya karibu kilomita 25 kuelekea mashariki. Kwenye ramani ni mwendo mfupi. Mvua ikinyesha, udongo wa Masisi hugeuka utelezi, malori hukwama na pikipiki husukumwa kwa mikono. Tena tangu mapema mwaka 2023, milima hiyo imekuwa uwanja wa mapigano kati ya waasi wa M23 kwa upande mmoja, na jeshi la serikali pamoja na wapiganaji wa Wazalendo kwa upande mwingine.

Akifika Goma, safari ndiyo kwanza inaanza. Kinshasa, yaliko makao ya ligi, iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka. Lubumbashi iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Hakuna reli, wala barabara ambayo timu inaweza kuitegemea kuwahi mechi ya Jumapili. Inabaki ndege.

Hiyo ni sehemu kubwa ya maelezo ya jambo moja ambalo wapenzi wa mpira wa Kivu wanalijua vizuri: tangu ubingwa wa taifa uanze kuwaniwa mwaka 1958, hakuna klabu ya Kivu Kaskazini wala Kivu Kusini iliyowahi kuutwaa. Mabingwa wametoka Kinshasa, Lubumbashi na miji ya Kasai.

Ligi iliyozaliwa kabla ya uhuru

Ligi hiyo, inayojulikana leo kwa jina la Linafoot, ina mizizi katika enzi ya ukoloni wa Ubelgiji. Mashindano ya kwanza ya kumpata bingwa wa nchi nzima yalifanyika miaka miwili kabla ya uhuru wa Juni 30, 1960.

Klabu kubwa zilikuwa na umri mkubwa zaidi ya hapo. AS Vita Club ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1935. Daring, inayoitwa sasa DC Motema Pembe, ilianza mwaka 1936. TP Mazembe ya Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa shirika la Wabenedikto, baadaye ikabeba jina la Englebert, kampuni ya matairi ya magari.

Historia hiyo inaonyesha mpira wa Kongo ulikua wapi: penye misheni, viwanda, migodi na reli. Lubumbashi ilikuwa na shaba. Kinshasa ilikuwa na bandari ya mto na ofisi za serikali. Masisi ilikuwa na mashamba na malisho ya ng'ombe.

Matunda yalionekana mapema. Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mara mbili mfululizo, mwaka 1967 na 1968. Vita Club ikalichukua mwaka 1973. Mwaka uliofuata timu ya taifa, wakati huo ikiitwa Zaire, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Kule Ujerumani Magharibi ilipoteza mechi zote tatu, ikiwemo ile ya mabao 9-0 dhidi ya Yugoslavia, lakini wachezaji wake walikuwa wamelelewa na ligi ya nyumbani.

Mazembe ilirudi kileleni karne hii. Ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ikafungwa 3-0 na Inter Milan mjini Abu Dhabi. Hadi mwisho wa msimu wa 2023-24, ilikuwa na mataji 20 ya ligi ya nyumbani. Vita Club ilikuwa nayo 15, Motema Pembe 12. Taji la 2024-25 lilikwenda kwa Les Aigles du Congo, klabu changa, lakini nayo ni ya Kinshasa.

Ligi ambayo Afrika Mashariki inaijua

Mashabiki wa Tanzania na Kenya hawahitaji kutambulishwa kwa Linafoot. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda Mazembe, na mwaka 2015 mabao yake yaliisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wa Afrika. Mapema 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wanaocheza ndani ya bara, kabla ya kuhamia Ubelgiji.

Njia hiyo hupitika pande zote mbili. Fiston Mayele na Djuma Shaban walitoka Vita Club kwenda Yanga mwaka 2021. Henock Inonga alitoka Motema Pembe kwenda Simba mwaka huo huo. Klabu za Dar es Salaam zimeigeuza Linafoot kuwa soko lao, na kila dirisha la usajili likifunguliwa macho huelekezwa Kinshasa na Lubumbashi.

Mashariki ya Kongo nayo ina klabu zake, na baadhi ya majina yake hayahitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili. Bukavu ina OC Muungano na OC Bukavu Dawa. Butembo ina AS Nyuki. Goma ina DC Virunga, yenye jina la safu ya milima ya volkano inayoutazama mji, na AS Dauphin Noir. Klabu hizi zimewahi kucheza ngazi ya taifa, na Uwanja wa Unité mjini Goma umepokea wageni kutoka pande zote za nchi.

Kupanda ngazi kuanzia chini ni kazi nyingine. Timu ya kijijini huanzia katika chama cha mpira cha eneo lake, ambacho wenyeji hukiita entente. Ikishinda huko hutafuta nafasi katika ligi ya jimbo, inayojulikana kwa kifupi kama LIFNOKI. Ikifanya vizuri huko ndipo huanza kuutazama mlango wa Linafoot. Kila hatua ina maana ya safari ndefu zaidi, na kila safari inahitaji mtu wa kulipa.

Kwa hiyo vijana wa Masisi wenye kipaji hufanya kama wafanyavyo vijana wa vijiji vingi: huenda mjini peke yao. Humtafuta mjomba au shangazi Goma, hujaribu bahati katika timu ya mtaa, na wachache husonga mbele. Timu ya kijiji hubaki kijijini, na kila mwaka hupoteza mchezaji wake bora.

Nauli inapoamua msimu

Kongo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Kuendesha ligi katika nchi kama hiyo ni kuendesha ratiba ya ndege. Ndiyo sababu kwa miaka mingi bingwa alipatikana kwa kuwakutanisha washindi wa kanda, badala ya timu zote kuzunguka nchi nzima. Mwaka 2018 ligi ilijaribu kundi moja la kitaifa. Baadaye ikarudi kwenye mtindo wa makundi.

Fedha zimeikwamisha ligi waziwazi. Msimu wa 2022-23 ulikatishwa kabla ya kufika mwisho, na hakuna bingwa aliyevishwa taji. Klabu yenye tajiri nyuma yake inaweza kuvumilia mwaka kama huo. Klabu inayoishi kwa michango ya mashabiki na viingilio vya mlangoni hurudi nyuma miaka kadhaa.

Wakati huo huo, mwaka 2025 serikali ya Kongo ilitia saini mikataba ya kuitangaza nchi kupitia klabu za AC Milan, Monaco na Barcelona. Mkataba wa Barcelona pekee uliripotiwa kuwa wa zaidi ya euro milioni 40 kwa miaka minne. Serikali ilisema lengo ni kuvutia watalii na wawekezaji. Kwa wengi wanaofuata mpira wa nyumbani, swali lilikuwa fupi: kiasi hicho kingenunua tiketi ngapi za ndege kwa timu za Linafoot, na kingesawazisha viwanja vingapi?

Swali hilo lina uzito zaidi Masisi, ambako kupata ardhi tambarare ya kutosha magoli mawili ni kazi. Viwanja vingi vya vijijini vimekatwa ubavuni mwa mlima au viko kwenye uwanja wa shule au parokia. Mpira ukipigwa vibaya huporomoka bondeni, na mechi husimama hadi mtoto aliyetumwa arudi nao.

Uwanja ulipogeuka jukwaa

Mnamo Januari 2025 mambo yalibadilika kwa kasi. M23 waliingia Masisi-centre mwanzoni mwa mwezi, wakaiteka Sake, na kufikia Januari 27 walikuwa ndani ya Goma. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Machi waliingia Walikale-centre, magharibi zaidi katika eneo la misitu na madini, kabla ya kuondoka huko mwanzoni mwa Aprili.

Goma ilikatika na sehemu nyingine ya nchi. Uwanja wa ndege ulifungwa, na miezi ikapita bila ndege ya abiria kutua. Benki zilifunga milango. Mambo mawili ambayo klabu ya Linafoot haiwezi kuishi bila hayo, ndege na fedha, yaliondoka kwa wakati mmoja.

Februari 6, 2025, Uwanja wa Unité ulijaa watu. Siku hiyo hapakuwa na mechi. Walikuwa wameitwa kumsikiliza Corneille Nangaa, kiongozi wa muungano wa AFC ambao M23 ni sehemu yake. Majukwaa waliyozoea kukaa mashabiki wa Virunga na Dauphin Noir yaligeuka ukumbi wa siasa.

Kwa watu wa Karuba na vijiji jirani, msiba ulikuwa umeanza mapema zaidi. Mapigano ya 2023 na 2024 yaliwasukuma maelfu ya wakazi wa Masisi hadi kambi za pembezoni mwa Goma, kama Bulengo na Lushagala, juu ya mawe makali ya volkano. Baada ya mji kuanguka, kambi hizo zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wengi walikuta nyumba zimebomolewa au mashamba yamegeuka vichaka.

Timu ya kijiji haiwezi kupita katika hali hiyo ikabaki salama. Golikipa amekimbilia Minova, kiungo yuko Goma, mshambuliaji kavuka mpaka. Wengine walichukua bunduki, kwa hiari au kwa kulazimishwa. Hata jezi za timu hubaki kwa mtu ambaye hakuna anayejua aliko.

Ndugu wa mbali wa Karibi

Wakongo hawako peke yao katika hili. Ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki, Haiti ina ligi kongwe kuliko Linafoot, iliyoanza mwaka 1937. Klabu zake mbili, Racing Club Haïtien mwaka 1963 na Violette mwaka 1984, zimewahi kuwa mabingwa wa kanda ya Amerika ya Kaskazini, ya Kati na Karibi. Haiti na Zaire zilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka mmoja, 1974, na zote zilirudi nyumbani bila pointi.

Huko nako bunduki zimeingia uwanjani. Machi 2024 magenge yenye silaha yaliuvamia Uwanja wa Sylvio Cator mjini Port-au-Prince. Ligi imesimama mara kadhaa, na timu ya taifa imelazimika kucheza mechi zake za nyumbani ugenini.

Hata hivyo, Novemba 18, 2025, Haiti ilifuzu Kombe la Dunia baada ya miaka 52, ikiwa chini ya Sébastien Migné, kocha ambaye mashabiki wa Harambee Stars wanamkumbuka. Siku mbili kabla, Kongo ilikuwa imeiondoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat, nahodha Chancel Mbemba akipiga ile ya mwisho.

Furaha hiyo ina upande wa pili. Nchi zote mbili zinategemea zaidi wachezaji waliozaliwa au waliokomazwa Ulaya. Timu ya taifa inaweza kung'ara huku ligi ya nyumbani ikidhoofika, kwa sababu mizizi ya timu hiyo imehamia kwingine. Zaire ya 1974 ilikuwa kinyume chake: timu iliyochipuka ndani ya nchi.

Kinachobaki

Karuba inaendelea kuifuata Linafoot kwa namna inayowezekana. Redio ndogo ya betri huwekwa mahali pa kuwatosha watu kadhaa, na mtangazaji huwapeleka Lubumbashi au Kinshasa kwa dakika 90. Mabishano ya Mazembe na Vita Club yanajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuuona mji wowote kati ya hiyo miwili.

Ili mtoto wa hapo acheze siku moja katika ligi anayoisikia, mambo ya kufanywa yanajulikana: amani itakayoiwezesha timu ya Masisi kushuka hadi Sake bila kupita vizuizi vya watu wenye silaha, barabara inayopitika mwaka mzima, ligi ya jimbo inayochezwa hadi mwisho, na ligi ya taifa inayolipa nauli za timu za mbali kabla ya kuwaadhibu kwa kutofika.

Hadi hapo, mpira wa Karuba ni ule wa mifuko ya plastiki na majani ya migomba yaliyofungwa kwa kamba. Huporomoka bondeni kama kawaida. Na kama kawaida, kuna mtoto anayeukimbilia.